Siafu na Kikaratasi Chake

Katika nchi ya Kyela, ambako mvua za masika hunyesha kwa wingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania, hutokea usiku ambao watu hutoka nyumbani mwao bila ya kufukuzwa na moto wala mwizi. Mtoto huamka akilia na kujipangusa miguu; mama huwasha taa; kumbe sakafu yote inatembea. Siafu wameingia bila ya hodi. Hapana abishanaye nao. Watoto hubebwa, banda la kuku hufunguliwa, mbuzi hukatwa kamba ili ajiokoe mwenyewe, na wenye nyumba husimama uani wakingoja wageni wamalize shughuli zao. Baada ya saa kadhaa msafara huondoka kama ulivyokuja, na nyumba huachwa safi: mende, nge, na watoto wa panya waliokuwa darini hawako tena. Mwenye nyumba hurudi kitandani na mambo mawili moyoni, maumivu ya kuumwa na shukrani kwa usafi ambao hakuulipia ujira.

Huo ndio ustaajabu wa kwanza ambao binadamu alikuwa nao kwa wadudu hawa, nao ni ustaajabu wa jirani. Jirani hamwiti siafu rafiki, wala hamwiti adui, humpisha njia. Ustaajabu wa pili ni wa mkusanyaji. Yeye hampishi mdudu, humchukua. Nia yangu katika insha hii ni kueleza kwa ufupi historia ya ustaajabu huo wa pili katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na kuuliza swali moja: mtu akimstaajabia kiumbe hata akamtia chupani, awiwa nini na nchi aliyomtoa?

Nianze na majina, kwa sababu jina ni kikaratasi cha kwanza ambacho binadamu hukibandika juu ya kitu. Kiswahili hakikuwachanganya wadudu wa jamaa ya chungu, na chungu ninayemtaja hapa si cha kupikia. Sisimizi ni wale wadogo wanaokuja penye sukari. Maji moto ni mwekundu wa mitini, ashonaye majani kwa nyuzi za watoto wake, na jina lake humweleza vema kila aliyepata kumwagikiwa naye akipanda mwembe. Siafu ni askari wa msafara. Sungusungu ni mweusi mkubwa, mwenye harufu nzito na mwiba mkali. Wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma walipounda vikosi vya kulinda mali zao katika miaka ya 1980, walijiita Sungusungu, na nchi nzima ikaelewa maana yake pasipo kufasiriwa. Watu hawajipi jina la mdudu wanayemdharau.

Hapana shaka wakubwa wa jamaa hii wanastahili kutazamwa. Mmoja wa hao weusi wenye kunuka, ambaye wanazuoni humwita Paltothyreus tarsatus, hufikia urefu wa sentimita 2 hivi, akatembea peke yake penye majani makavu kama mzee mwenye shamba. Mwingine, Megaponera analis, hutoka kwa safu kwenda kuvamia mchwa. Na mwaka 2017 wachunguzi waliofanya kazi katika Ivory Coast walieleza kwamba chungu huyu huwabeba majeruhi wake kutoka vitani na kuwarudisha nyumbani wapone. Siafu, wa jenasi ya Dorylus, wana malkia asiye na macho wala mabawa, na katika aina fulani malkia huyo hupita sentimita 5, akawa mkubwa kuliko chungu wote wanaojulikana duniani. Yeye hutaga mayai kwa mamilioni katika mwezi mmoja, na jamaa yake huweza kufika watu milioni kadhaa, kama naweza kuwaita watu. Na watendakazi wote hao ni vipofu. Jeshi lisiloona hata mara moja hupita katika msitu bila ya kupotezana.

Sasa natazame jinsi viumbe hao walivyoingia katika vitabu vya Ulaya, maana mwanzo wake una funzo. Mwaka 1764 Linnaeus, mwanazuoni mkubwa wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa kuwapa viumbe majina mawili ya Kilatini, alieleza mdudu mmoja aliyetoka Afrika: mwenye mabawa, rangi ya kahawia, na tumbo refu nene kama soseji. Akamweka pamoja na nyigu. Mdudu huyo si mgeni kwa mtu yeyote aliyewasha taa barazani usiku wa mvua. Huja akajigonga kwenye mwanga, akaanguka, akazunguka sakafuni bila ya kumdhuru mtu. Kumbe alikuwa dume la siafu. Lakini huko Ulaya yapata miaka 80 ilipita, hata katikati ya karne ya 19, kabla wanazuoni hawajatambua kwamba nyigu wa Linnaeus na askari kipofu wa msafara ni wa nyumba moja.

Kosa hilo halikutokana na ujinga. Linnaeus alikuwa na macho makali kuliko wengi wetu. Kosa lilitokana na jambo moja tu: alikuwa na mwili bila ya nyumba. Mdudu alimfikia akiwa peke yake, amekauka, bila ya habari ya alikotoka ardhini, alitembea na nani, na aliruka saa ngapi. Baba alikaa katika sanduku moja na watoto katika sanduku jingine, na hapana hata mmoja ndani ya masanduku hayo ambaye angeweza kusema. Basi tujifunze mapema kwamba kielelezo kilichotengwa na mahali pake ni nusu ya kielelezo, na wakati mwingine ni uongo kamili.

Ufuko wa kaskazini wa Nyasa uliingia katika habari hii mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann alileta meli ya mvuke katika ziwa kwa niaba ya Wajerumani, na kituo cha serikali kikajengwa katika ufuko wa kaskazini-mashariki, chini ya milima ya Livingstone inayoshuka majini kama ukuta. Kituo kikaitwa Langenburg. Baadaye serikali ilihamia juu, penye hewa baridi, mahali tunapopaita Tukuyu leo. Nako kukaitwa Langenburg Mpya, na kile cha ziwani kikabaki kuwa Langenburg ya Kale. Mtu atazamaye ramani za leo hataliona jina hilo kwa urahisi. Walakini katika makabati ya makumbusho ya Berlin jina la Langenburg lingali hai, limeandikwa kwa wino mara nyingi, chini ya miili ya wadudu.

Aliyeliandika huko hasa ni Friedrich Fülleborn, aliyezaliwa mwaka 1866 na kufariki mwaka 1933. Alifika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1896 akiwa daktari wa jeshi, na katika miaka ya 1898 hadi 1900 alishiriki safari ya uchunguzi wa Ziwa Nyasa na milima ya Ukinga, iliyogharimiwa na mfuko wa Heckmann-Wentzel wa Berlin. Mwenzake katika safari hiyo, mtaalamu wa mimea Walter Goetze, alifariki huko huko mwaka 1899, kabla hajatimiza miaka 30. Fülleborn alikusanya karibu kila kitu: samaki, ndege, wadudu, vijidudu vya majini visivyoonekana kwa macho. Vitu hivyo vilitiwa spiriti au vikachomwa pini, vikafungwa katika masanduku, vikasafirishwa Ulaya, na wataalamu wa kila fani wakagawana kazi ya kuvieleza na kuvipa majina.

Msomaji wa historia hana budi kuuliza kazi hiyo ilitendwaje. Mtu mmoja hawezi kuvua samaki, kutega ndege, kufukua vichuguu, kutibu askari na kuandika daftari, yote kwa siku moja. Desturi ya wakusanyaji wa zama zile ilikuwa kutegemea mikono mingi: mvuvi aliyejua jiwe ambalo samaki fulani hukaa chini yake, mtoto aliyeleta mdudu kwa malipo ya ushanga au chumvi, mpagazi aliyebeba sanduku kichwani hata melini. Maarifa yalianzia kwa hao. Aliyejua kwamba sungusungu hutoka kuwinda mchwa katika ubaridi wa asubuhi na jioni, na kwamba mtu asimame upande gani asiumwe, hakuwa yule mwenye chupa.

Sasa tukitazame kikaratasi chenyewe. Chini ya kila mdudu aliyechomwa pini katika makumbusho huwekwa kipande cha karatasi kidogo kama ukucha. Juu yake huandikwa mambo matatu: mahali, wakati, na jina la mkusanyaji. Nyasa, Langenburg, mwezi na mwaka, Fülleborn. Kwa mtaalamu wa wadudu hayo ni hazina, maana kielelezo kisichokuwa na kikaratasi hutupwa kama takataka hata kiwe kizuri namna gani. Kwa mwanahistoria kikaratasi hicho ni hati. Kama hati zote, husema jambo na kunyamazia jambo. Chasema nani alitia kiumbe sandukuni. Hakisemi nani alimshika, wala jina aliloitwa na wenyeji wake, wala kama walikuwa wakimla, wakimwogopa, au wakimtumia kwa dawa. Kwa maneno machache, hukumbuka mkono wa mwisho na kuisahau mikono ya kwanza.

Majina ya Kilatini yaliendelea na kazi hiyo hiyo. Yuko ndege mdogo wa misitu ya milimani, kifua cheupe na mgongo wa rangi ya kahawia, ambaye Reichenow wa Berlin alimweleza mwaka 1900 na kumwita fuelleborni. Jambo la ajabu ni kwamba ndege huyo ni mfuasi wa siafu. Msafara ukipita msituni, yeye huruka mbele na pembeni akiwadaka wadudu wanaokimbia kuokoa maisha yao. Hawali siafu wenyewe. Hula hofu wanayoieneza. Yuko pia samaki wa mawe ya Ziwa Nyasa, mwenye pua nene na mdomo wa kukwangua, ambaye naye aliitwa fuelleborni. Lakini yeye alielezwa na Ernst Ahl mwaka 1926. Yaani samaki aliyetolewa ziwani kabla ya mwaka 1901 alingoja robo ya karne ndani ya chupa ndipo akapewa jina, na wakati huo wote wavuvi wa Matema na Mwaya walikuwa wakimjua na kumvua.

Sitaki msomaji adhani kwamba namlaumu daktari huyo kwa kupenda wadudu. Jambo linalonisumbua ni jingine. Mwaka 1902 Fülleborn alichapisha kitabu juu ya vipimo vya miili ya watu wa nchi za kaskazini ya Nyasa, na mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma. Katika zama hizo mstari baina ya kielelezo cha mdudu na kielelezo cha mtu ulikuwa mwembamba sana. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa katika iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. 202 kati yake yalitoka katika ardhi ya Tanzania ya leo. Sisemi kwamba mafuvu hayo yalipita Langenburg. Nasema kwamba desturi iliyoyachukua ndiyo iliyochukua vipepeo: kitu huchukuliwa, huandikwa mahali na mwaka, na mwenyewe haulizwi. Mtu aliyezoea kutomwuliza jirani juu ya chungu wake, siku moja husahau kumwuliza juu ya babu yake.

Haki, hata hivyo, ina mizani miwili. Laiti wakusanyaji wasingalikuja, tungalikuwa na nini leo cha kupima mabadiliko ya misitu ya Rungwe na mito ya Kyela? Mashamba ya mpunga na ya kakao yamechukua mahali pa vichaka vingi, na vijiji vimekua. Mtu atakaye kujua ni mdudu gani aliyeishi hapo mwaka 1899 hawezi kuuliza kijiti wala jiwe. Hana budi kumwuliza maiti mdogo mwenye pini mgongoni. Tena mkusanyaji wa namna ile, akichukua watendakazi 10 katika msafara wa milioni, hapunguzi kitu. Jamaa ya siafu hupoteza wengi kuliko hao kwa kuvuka njia ya ng'ombe. Sayansi haikuiba kwa kuchukua. Kama iliiba, iliiba kwa kutosema ilichukua kwa nani, na kwa kuweka palipo mbali na macho ya waliopaswa kusoma.

Wala si kweli kwamba wote walinyamaza sawasawa. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alifanya safari katika nyanda za kusini-magharibi za Tanganyika mwaka 1929 na 1930, akafika Mwaya ufukoni mwa Nyasa akitafuta nyoka, vyura na mijusi. Katika vitabu vyake vya simulizi alimtaja mara kwa mara Salimu, msaidizi wake Mwafrika, ambaye macho na mikono yake ilikamata viumbe vingi vilivyomletea sifa bwana wake. Kumtaja mtu katika simulizi si sawa na kumwandika katika kikaratasi, lakini ni hatua. Angalau twajua kwamba Salimu aliishi, na kwamba maarifa yana jina la Kiswahili ndani yake.

Hayo ni ya kale. Je, ustaajabu wa mkusanyaji umekwisha? Haukwisha; umebadili sura. Mkusanyaji wa kale alitaka mdudu mfu na kikaratasi. Mkusanyaji mpya wa Ulaya na Asia humtaka akiwa hai. Hununua malkia mmoja, humweka katika sanduku la kioo lenye vijia na vyumba, na jioni hukaa akitazama himaya ikizaliwa mezani pake. Sioni aibu katika upendo huo. Mtu atazamaye chungu kwa saa nzima bila ya kuchoka amekwisha kuvuka mlango wa elimu. Lakini upendo huo una soko, na soko lina njia zake. Mfano mkubwa tulio nao haukutoka Nyasa bali kwa majirani zetu wa Kenya, nao wapasa kusomwa na kila mtu wa Kyela mwenye vichuguu nyuma ya nyumba yake.

Mwezi wa Aprili mwaka 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa katika Kaunti ya Nakuru wakiwa na malkia wapatao 5,000, waliotiwa katika neli za kioo 2,244 zenye pamba. Wengi wao walikuwa chungu wakubwa wavunao mbegu, Messor cephalotes, ambao huishi katika nyika za Afrika ya Mashariki na ambao malkia wao hufika sentimita 2 na zaidi. Katika kesi nyingine iliyosikilizwa wakati huo huo, Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja walishtakiwa kwa mamia ya chungu. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwahukumu wote wanne walipe faini ya shilingi milioni 1 ya Kenya kila mmoja, au wakae gerezani miezi 12. Vijana walisema hawakujua kwamba ni kosa. Hakimu aliona kwamba idadi ile ilikuwa imepita mipaka ya mchezo wa kujifurahisha. Magazeti yalieleza kwamba katika soko la Uingereza malkia mmoja wa aina hiyo huweza kufika bei ya pauni 170.

Wako waliocheka. Nchi yenye kupambana na wauaji wa tembo na vifaru, walisema, sasa inawafunga watu kwa ajili ya chungu! Mcheko huo watokana na kutojua malkia ni nini. Mtendakazi akichukuliwa, jamaa hubaki. Malkia akichukuliwa, jamaa haizaliwi. Baada ya mvua malkia mchanga huruka, hupata dume, hujivua mabawa, na kuchimba chumba chake cha kwanza ardhini. Naye ndiye mbegu ya kichuguu kitakachodumu miaka mingi, kikisambaza mbegu za nyasi na kupindua udongo wa malisho. Malkia 5,000 ni vichuguu 5,000 visivyochimbwa. Ndiyo maana nasema kwamba daktari wa Langenburg, pamoja na makosa yote ya zama zake, alichukua majani ya mti, bali msafirishaji wa leo huchukua mbegu.

Hatari yaweza pia kwenda upande wa pili. Chungu ahamishwaye hai huweza kuwa mgeni mbaya ugenini. Huko Laikipia, Kenya, chungu mdogo mwenye kichwa kikubwa, aliyeenezwa na safari za binadamu, amewaua chungu waliokuwa wakilinda migunga dhidi ya tembo. Uchunguzi uliotolewa mwezi wa Januari 2024 ulionyesha mwisho wa mnyororo huo: migunga ikavunjwa na tembo, nyika ikawa wazi, simba wakakosa maficho ya kuvizia punda milia, wakaanza kuwinda nyati zaidi. Mdudu asiyefika urefu wa punje ya mchele amebadili chakula cha mfalme wa nyika. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Nao walisema kweli kwa mataifa pia.

Sheria za dunia zimeanza kuyaona haya. Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, waziambia nchi kwamba faida itokayo katika mimea na wanyama wao igawanywe kwa haki, na kwamba ruhusa iombwe kabla ya kuchukua. Hilo ni neno jema, lakini ruhusa ya karatasi ni nusu ya haki. Serikali yaweza kuuza kibali, na mwanakijiji aliyeonyesha kichuguu akabaki na noti moja mfukoni. Katika biashara ya namna hii bei hukua kwa kila hatua, na aliye karibu zaidi na ardhi hupata kidogo kuliko wote. Mpagazi wa mwaka 1899 na mchimbaji wa malkia wa mwaka 2025 wangekutana, wangeelewana upesi.

Basi swali nililoliuliza mwanzoni lataka jibu. Mtu amstaajabiaye kiumbe hata akamchukua awiwa mambo matatu na nchi aliyomtoa. Kwanza, awiwa ukweli wa kikaratasi: mahali, wakati, jina la mkusanyaji, na jina la aliyemwonyesha, pamoja na jina ambalo kiumbe huitwa katika lugha ya nyumbani kwake. Pili, awiwa kiasi: achukue kile ambacho jamaa ya kiumbe yaweza kukisamehe, asiguse kinachoizaa. Tatu, awiwa marejeo: elimu iliyotoka Kyela irudi Kyela, katika lugha ambayo mwanafunzi wa Kyela aisoma bila ya mkalimani.

Jambo la tatu lilikuwa gumu zamani, sasa limekuwa jepesi. Makumbusho makubwa yanapiga picha vielelezo vyao na kuviweka wazi. Maktaba ya picha za chungu iitwayo AntWeb, iliyoanzishwa na wataalamu wa California, yaweza kufunguliwa na mtu yeyote mwenye simu. Mwanafunzi akaaye Ipinda aweza leo kumtazama uso kwa uso chungu aliye katika kabati la Ulaya. Lakini picha iliyorudi si elimu iliyorudi. Itakuwa elimu siku ile mwanafunzi huyo atakapotoka nje na kijichupa cha spiriti, akachukua watendakazi wachache wa msafara upitao bondeni mwa Mbaka au Kiwira, akamwuliza bibi yake jina la mdudu na tabia yake, akaandika yote kwa mwandiko safi, na kukihifadhi kielelezo katika nchi hii.

Nani awezaye kuifanya kazi hiyo kuliko yeye? Malkia wa siafu ni adimu katika makumbusho ya dunia, kwa kuwa hukaa chini sana, naye hutoka nje siku jamaa ihamapo tu. Mtaalamu aliyekuja kwa kibali cha miezi mitatu aweza kurudi kwao bila ya kumwona. Mtoto wa Kyela, ambaye siafu humjia nyumbani kila masika, ana nafasi ya maisha yake yote. Aliyefukuzwa kitandani na msafara amekwisha kulipa ada ya masomo. Kilichosalia ni kupewa cheti.

Nimeanza na nyumba yenye siafu, na humo nataka kumaliza. Msafara ukiisha kupita, wenye nyumba hurudi ndani, hufagia, hutandika vitanda upya. Mzee huwaeleza watoto kwa nini hakumwaga mafuta ya taa wala kuwasha moto: hawa hawakuja kukaa, walipita. Katika maneno hayo machache mna elimu ya mwendo wao, tabia yao, na faida yao, ambayo haikuandikwa katika kikaratasi chochote cha Langenburg. Ikiandikwa sasa, iandikwe pamoja na jina la mzee.